Asiyekuwepo na Lake Halipo: Wanawake na Tafiti za Mapigo ya Moyo



Tumezoea kukaa hapa tukazungumza singo, hina, nguo za kuolea na adabu za nyumba mpya. Leo tunaomba tuzungumze jambo lisiloonekani kwenye picha za harusi: moyo wenyewe, huu unaopiga kifuani. Tunataka kutoa maoni yetu kuhusu wito ambao wanawake wengi wakiusikia huukimbia, pale daktari anapomwambia mgonjwa wa mapigo ya moyo kwamba kuna utafiti unaofanywa na unatafuta wagonjwa wa kujitolea.

Msimamo wetu tunauweka wazi tangu mwanzo. Mwanamke mwenye maradhi ya mapigo ya moyo asiukatae wito huo kwa khofu, wala asiukubali kwa kuona haya. Ausikilize, aulize, ashauriane na watu wake, aswali istikhara, na akiona unamfaa, aingie. Wazee wetu walisema asiyekuwepo na lake halipo. Dawa zinazopimwa bila ya sisi hutufikia vilevile, zikaandikwa kwenye vyeti vyetu na tukazimeza. Tofauti ni kwamba zikitudhuru, hakuna aliyekaa kuhesabu.

Moyo unapokosa mpango

Moyo wenye afya, mtu akiwa ametulia, hupiga kiasi cha mara 60 hadi 100 kwa dakika, kwa mpangilio. Hitilafu za mapigo ni za namna nyingi. Kuna moyo unaokwenda mbio ghafla, kuna unaokwenda polepole mno, kuna unaoruka pigo moja moja. Nyingine hazina madhara makubwa, na wengi wetu tumewahi kuhisi moyo "umeruka" tukiwa tumechoka, tuna wasiwasi au tumezidisha kahawa.

Lakini ipo moja ambayo lazima tuijue. Vyumba viwili vya juu vya moyo huacha kusukuma damu sawasawa, vikabaki vinapapatika tu. Madaktari huiita atrial fibrilesheni. Sisi humu tutaiita mpapatiko. Damu isiposukumwa vizuri hutuama, ikituama inaweza kuganda, na bonge hilo likisafiri hadi kwenye ubongo mtu hupata kiharusi. Ndiyo maana wagonjwa wengi wa mpapatiko hupewa dawa za kuzuia damu isigande.

Ulaya na Marekani, mpapatiko ni ugonjwa wa wazee zaidi. Katika nchi zetu huwapata pia wanawake wadogo, na mara nyingi njia yake huanzia utotoni. Mtoto huumwa koo kwa sababu ya vijidudu vya streptokoka, halafu kwa baadhi ya watoto kinga ya mwili hugeuka ikaushambulia moyo wao wenyewe. Hiyo ndiyo homa ya rumatiki. Koo hupona, lakini valvu za moyo, ile milango inayofunguka na kufunga kupitisha damu, zinaweza kubaki na makovu. Miaka hupita. Mtoto anamaliza skuli, anakuwa mwari, anaposwa, anaolewa. Akipanda ngazi anahema. Watu wanasema mvivu, wengine wanasema ana jini, wengine wanasema presha.

Kisha anashika mimba. Katika ujauzito damu mwilini huongezeka kwa karibu nusu, na moyo wenye valvu iliyobana hauwezi kuubeba mzigo huo. Wanawake wengi huujua ugonjwa wao hapo kwa mara ya kwanza, wakiwa na roho mbili.

Wagonjwa wenyewe ni sisi

Tunajuaje kwamba jambo hili linawahusu wanawake wadogo hasa? Tunajua kwa sababu kuna wagonjwa waliokubali kuandikwa.

Kati ya mwaka 2010 na 2012, wagonjwa 3,343 wenye maradhi ya moyo ya rumatiki waliingia katika utafiti ulioitwa REMEDY, ukiongozwa na kundi la marehemu Profesa Bongani Mayosi wa Cape Town. Walitoka katika hospitali 25 za nchi 12 za Afrika pamoja na India na Yemen. Hakuna aliyepewa dawa ya majaribio. Walikubali tu hali zao ziandikwe na zifuatiliwe. Kati yao wanawake walikuwa asilimia 66, na nusu ya wagonjwa wote walikuwa na umri wa miaka 28 au chini yake. Karibu mmoja kati ya kila watano alikuwa na mpapatiko. Na kati ya wanawake wenye umri wa kuzaa, wenye maradhi ambayo ujauzito unaweza kuyafanya ya hatari, ni asilimia 3.6 tu waliokuwa wakitumia njia yoyote ya uzazi wa mpango.

Isomeni tena hesabu hiyo. Miaka 28. Huo ni umri wa dada anayeolewa, au aliye na watoto wawili wadogo. Kama wagonjwa wale wangesema "mimi sitaki kuandikwa", mpaka leo kungekuwa na watu wanaodhani maradhi ya moyo ni ya wazee wa kiume wenye vitambi.

Kura iliyotoa jibu lisilotarajiwa

Baada ya kuandika hali za wagonjwa likabaki swali la dawa. Kwa miaka mingi mgonjwa wa mpapatiko mwenye valvu mbovu amepewa warfarini. Ni dawa ya zamani na yenye usumbufu. Mgonjwa hupimwa damu mara kwa mara kuangalia kipimo cha INR, na inampasa awe na kiasi kisichobadilika cha mboga za majani, kwa sababu mchicha na kisamvu vikizidi ghafla huipunguza nguvu. Kwa mtu anayekaa Micheweni au Makunduchi, kwenda kupima damu kila mara ni nauli na ni siku nzima imekwenda.

Zikaja dawa mpya zisizohitaji kipimo hicho, mojawapo rivaroksabani. Kwa wagonjwa wengine wa mpapatiko dawa hizi zilikwishathibitika. Ilikuwa rahisi kusema: basi na hawa wa rumatiki tuwape, wapumzike na kuchomwa sindano za vipimo. Lakini majaribio ya kwanza ya dawa hizo hayakuwa na watu kama sisi. Wenye valvu iliyobana vibaya kwa rumatiki waliachwa nje.

Ndipo ukafanywa utafiti ulioitwa INVICTUS, ambao matokeo yake yalitangazwa Agosti 2022. Wagonjwa zaidi ya 4,500 kutoka nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini walijitolea. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 50, na asilimia 72 walikuwa wanawake. Ni nadra sana utafiti mkubwa wa moyo kuwa na wanawake wengi kiasi hicho. Waligawanywa kwa bahati nasibu: nusu wakapewa rivaroksabani, nusu wakapewa warfarini au dawa za jamii yake. Wakafuatiliwa kwa wastani wa miaka mitatu.

Wengi walitarajia dawa mpya ishinde, au angalau itoshane na ile ya zamani. Haikuwa hivyo. Katika kundi la dawa mpya walifariki 552, na katika kundi la dawa ya zamani walifariki 442, makundi yakiwa karibu sawa kwa idadi. Na warfarini haikuonekana kusababisha kutoka damu kwa hatari zaidi ya mwenzake.

Hapa lazima tuwe wakweli. Hatuwezi kuwaambia wanawake wajitolee tukawaficha kwamba utafiti unaweza kukuweka katika kundi ambalo baadaye linaonekana ndilo lililopungukiwa. Wanawake wengi katika kundi lile walikuwa mama wa watu. Allah awarehemu wote. Hilo si jambo dogo na halifai kupambwa.

Lakini tuangalie upande wa pili. Bila ya utafiti ule, dawa mpya ingeendelea kuenea kwa wagonjwa wa rumatiki kwa dhana nzuri tu. Madaktari wangeiandika kwa huruma, wagonjwa wangeimeza kwa furaha, na tofauti ile ya vifo isingeonekana na mtu, kwa sababu kila msiba ungezikwa peke yake katika mtaa wake na watu wangesema siku zake zimefika. Siku za mja zimeandikwa, ndiyo, na sisi tumeamrishwa kutafuta dawa. Leo daktari anayemwandikia warfarini mwanamke mwenye valvu iliyobana anajua kwa nini anafanya hivyo. Ujuzi huo alipewa na wanawake asiowajua majina.

Tahadhari moja kabla ya kuendelea. Jibu hili ni la wenye mpapatiko unaotokana na moyo wa rumatiki. Wapo wagonjwa wa mpapatiko wa aina nyingine ambao dawa mpya ndizo zinazowafaa. Asiwepo hata mmoja atakayeacha au kubadilisha dawa yake kwa sababu amesoma hapa. Mwenye shaka amwone daktari wake.

Pale tulipokuwa hatupo

Tumeona faida ya kuwepo. Sasa tuangalie gharama ya kutokuwepo.

Mwaka 1977 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa mwongozo kwamba wanawake wanaoweza kushika mimba wasiingizwe katika hatua za mwanzo za majaribio ya dawa. Nia ilikuwa kulinda watoto walio tumboni. Mwongozo huo ulibadilishwa mwaka 1993. Katika miaka ile dawa nyingi ziliendelea kujulikana zaidi kwa miili ya wanaume, halafu zikauzwa kwa wote.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 mambo yakadhihirika. Terfenadini na astemizoli, dawa za mzio ambazo watu walizinunua kwa ajili ya mafua na kuwashwa, ziliondolewa sokoni Marekani mwaka 1998 na 1999. Sisapridi, dawa ya kiungulia, ikafuata mwaka 2000. Sababu ilikuwa moja: ziliweza kuuvuruga mdundo wa moyo kwa namna inayoua. Na uvurugikaji wa aina ile huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, kwa sababu baada ya kubaleghe moyo wa mwanamke huchukua muda mrefu kidogo kujitayarisha tena baina ya pigo na pigo. Mwaka 2001 wakaguzi wa serikali ya Marekani walizitazama dawa 10 zilizoondolewa tangu 1997, wakakuta 8 kati yake zilikuwa na hatari zaidi kwa wanawake. Kwa baadhi, sababu ilikuwa wanawake ndio waliozitumia kwa wingi. Kwa nyingine, tofauti ilikuwa katika mwili wenyewe.

Kwa hiyo kumwacha mwanamke nje ya utafiti si kumlinda. Ni kumsogezea hatari kutoka hospitali, ambako angeangaliwa, hadi nyumbani, ambako yuko peke yake na kidonge chake.

Khofu yenu ina sababu

Tunawajua wenye kusema: "Wazungu wanatujaribia." Hatuwacheki. Mwaka 1996, mjini Kano, Nigeria, mji wa Waislamu, wakati wa mripuko wa homa ya uti wa mgongo, kampuni ya Pfizer iliijaribu dawa yake mpya kwa watoto wa huko katika jaribio la watoto 200. Watoto 11 walifariki, na familia zikasema hazikuelezwa kwamba watoto wao wamo katika majaribio. Kampuni ilikana kwamba dawa yake ndiyo iliyoua. Kesi ikadumu miaka, na mwaka 2009 yakafikiwa makubaliano ya fidia ya dola milioni 75 na jimbo la Kano.

Tunalitaja jambo hili kwa sababu dawa ya khofu ni kujua haki zako. Kilichokosekana Kano ndicho mnachopaswa kukidai kila mara: kuelezwa kwa lugha yenu, kuwa na nafasi ya kukataa, na kuwepo kamati huru iliyoupitia utafiti kabla haujaanza. Hapa Zanzibar ipo kamati ya maadili ya utafiti chini ya Taasisi ya Utafiti wa Afya, ZAHRI. Tanzania Bara kazi hiyo husimamiwa na NIMR. Utafiti ulio halali una kibali, na kibali kina namba. Kuomba kukiona si utovu wa adabu.

Ridhaa ni yako, na kimya si ridhaa

Kila mwanamke wa Kiislamu analijua neno ridhaa. Kabla ya nikaha bi harusi huulizwa. Baba anaweza kuwa tajiri, mchumba anaweza kuwa shekhe, ukumbi umeshalipiwa na wageni wameshavuka bahari kwa boti, lakini ridhaa yake inatakiwa. Dini yetu ililiweka hilo karne nyingi kabla madaktari wa dunia hawajakubaliana mjini Helsinki, mwaka 1964, juu ya misingi ya kufanya utafiti kwa binadamu.

Basi fomu ya ridhaa ya utafiti tuichukulie kwa uzito ule ule, huku tukijua tofauti mbili. Ya kwanza: katika nikaha kimya cha mwari huchukuliwa kuwa ni ridhaa, kwa sababu ya haya zake. Katika utafiti kimya si ridhaa hata siku moja. Ukiinamisha kichwa na kutia sahihi kwa sababu daktari ni mtu mkubwa na unaona aibu kumkatalia, hukuridhia. Ya pili: katika utafiti unaweza kutoka siku yoyote, bila ya kutoa sababu, na matibabu yako ya kawaida hayapaswi kukatwa kwa ajili hiyo. Ukiwa kwenye dawa, waambie kwanza kabla ya kuiacha, wakutoe kwa usalama.

Na mume? Kushauriana naye ni jambo jema, nyumba hujengwa kwa shauri. Ratiba za kliniki zinamgusa, safari zinamgusa, na uzazi unamgusa zaidi. Lakini mwili ni amana uliyopewa wewe, na sahihi ni yako wewe mtu mzima. Tumeona haifai mtafiti kukaa na mume wakamaliza mazungumzo huku mgonjwa ameketi pembeni ameshika mkoba. Vilevile haifai mama mkwe kukataa kwa niaba yako.

Wapo pia wanaouliza kuhusu ile bahati nasibu ya kugawa makundi, kama si kamari. Kamari ni mtu kula mali ya mwenzake kwa bahati. Hii ni kura ya uadilifu, ili daktari asiwapendelee wengine dawa anayoipenda. Kura si jambo geni katika dini yetu: Mtume (s.a.w.) alikuwa akiipiga baina ya wake zake anapotaka kusafiri. Palipo na haki sawa na hakuna ajuaye lililo bora, kura huondoa upendeleo.

Neno kwa bi harusi mtarajiwa

Dada unayehesabu siku, na ndani ya mkoba una kadi ya kliniki ya moyo ambayo hujamwonyesha mtu, maneno haya ni yako.

Kwanza, usimfiche mchumba wako. Tunajua unachokiogopa: posa itarudi, watu watasema. Lakini mficha uchi hazai, na mficha maradhi kilio humfichua. Anayestahili kukuoa ni yule atakayekwenda nawe kliniki. Na asiyeweza kulibeba hilo, bora umjue kabla ya mahari kuliko kumjua wodini.

Pili, mwone daktari wa moyo na wa uzazi kabla ya nikaha, si baada ya kukosa siku zako. Warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa katika miezi mitatu ya mwanzo. Lakini kuiacha mwenyewe kimyakimya kunaweza kukuua wewe kwa bonge la damu. Kuna njia za kupanga, za kubadilisha dawa kwa wakati wake, na wapo wanawake wenye mpapatiko waliozaa salama. Wote hao walihitaji kujulikana na madaktari wao.

Tatu, ukialikwa katika utafiti wa dawa, ujue kwamba tafiti nyingi za namna hiyo hazichukui wajawazito wala wanaonyonyesha, na humtaka mwanamke ajikinge na mimba kwa muda wote. Kwa anayeolewa mwezi wa Mfunguo Mosi na nyumba mbili zinasubiri mjukuu, hilo si sharti dogo. Litoeni mezani, wewe na mumeo, kabla ya sahihi. Ukiona huwezi, sema hapana kwa amani. Pengine utafiti wa kuandika hali tu, kama ule wa REMEDY, ndio unaokufaa: hubadilishi dawa, na bado unahesabiwa.

Na watafiti nao watusikilize

Hatutaki kuwabebesha wanawake peke yao. Wanaotutafuta nao wana deni.

Wakitaka wanawake wa visiwani, wawaandalie stara. Kipimo cha umeme wa moyo huchukua dakika chache, hakiumi, na hakiingizi umeme mwilini, kinasoma tu. Lakini vile vibandiko huwekwa kifuani. Mwanamke aliyevua ushungi mbele ya mwanamume asiyemjua, mlango ukiwa wazi, harudi tena, na data zake hazirudi. Fundi wa kike, pazia na khanga ya kujifunikia havigharimu pesa nyingi.

Waijue kalenda yetu. Mgonjwa aliyepangiwa dawa mara tatu kwa siku ataulizwa na moyo wake inapoingia Ramadhani, na kama hakuna aliyemwelekeza atajipangia mwenyewe. Ni bora mtafiti amwambie mapema: dawa hii inaweza kwenda na daku na futari, hii haiwezi, na wewe hali yako ni ya ruhusa ya kula. Mgonjwa anayeweza kudhurika na saumu amepewa ruhusa na Mola wake, na asione aibu kuitumia.

Waifikirie safari. Kutoka Pemba kuja Unguja ni boti, na kwenda Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete kule Dar es Salaam ni boti nyingine. Mwanamke hasafiri na kadi ya kliniki tu. Ana mtu wa kufuatana naye, ana mtoto wa kumwacha kwa jirani. Kurudishiwa nauli na chakula ni haki. Kulipwa fedha nyingi hadi mtu ashindwe kukataa, hiyo si haki tena.

Na matokeo yarudi. Waliotoa damu yao kwa miaka mitatu wasije kusikia jibu kwa watu wa mbali. Wakusanywe, waambiwe kwa Kiswahili: tuliuliza hili, tumepata hili, shukrani.

Maswali ya kwenda nayo

Andika haya, au mwombe mwanao akuandikie, na usiondoke mpaka yajibiwe:

1. Utafiti huu unataka kujua nini, na kwa nini mimi?
2. Nani ameutoa kibali, na naweza kukiona?
3. Nitapewa dawa mpya, ya kawaida, au kidonge kisicho na dawa? Na dawa zangu za sasa?
4. Hatari zinazojulikana ni zipi, na nikidhurika nani atanitibu na kwa gharama ya nani?
5. Nikitaka kushika mimba, au ikitokea, itakuwaje?
6. Nitakuja mara ngapi, na nauli ni ya nani?
7. Atakayenipima ni mwanamke?
8. Nani ataona jina langu na majibu yangu?
9. Nikitoka katikati, matibabu yangu yataendelea?
10. Utafiti ukimalizika na dawa ikaonekana nzuri, nitaendelea kuipata?

Chukua fomu nyumbani, usome na unayemwamini. Anayekuharakisha utie sahihi leo leo bila ya sababu ya dharura, mshukuru na uondoke.

Dada zetu, katika Suratul Maida, aya ya 32, tumefundishwa uzito wa kuinusuru nafsi moja. Wengi wetu tunaposikia hayo tunafikiria daktari wa upasuaji, au mtu aliyerukia baharini kumwokoa mwenzake. Mama wa miaka hamsini aliyekwenda kliniki kila mwezi kwa miaka mitatu, akachomwa sindano, akajibu maswali yale yale na kurudi nyumbani kupika, naye amo katika kazi hiyo. Binti atakayepona kesho hatomjua jina, lakini kwa Allah hakuna kinachopotea.

Basi ukiitwa, usikimbie. Kaa, uliza, pima, kisha amua wewe. Ukisema ndiyo, iwe ndiyo yako. Ukisema hapana, iwe hapana ya aliyeelewa.

Allah awaponye wagonjwa wetu wote, awahifadhi mama walio na roho mbili, awajaalie maharusi wetu nyumba za utulivu na afya, na awape madaktari na watafiti wetu elimu yenye manufaa na uaminifu wa kuibeba. Aamin.